Hans Reck na Matabaka ya Oldupai: Maongezi na Waongoza Watalii

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Wenyeji wetu waliniomba nizungumze juu ya Louis na Mary Leakey, watafiti wa mabaki ya watu wa kale, nikawajibu kwamba hao mnawajua kuliko mimi. Hakuna mwongoza watalii anayesimama ukingoni mwa korongo la Oldupai asitaje mwaka 1959 na fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu. Ninayetaka kumleta mbele yenu ni mtu aliyefika korongoni pale miaka 18 kabla ya Louis, na ambaye kazi yake mnaitumia kila siku bila kumtaja. Mkimwonyesha mgeni ule ukuta wa udongo mkasema, "Hili la chini tabaka la kwanza, lile la pili, lile jekundu la tatu," namba hizo ni zake. Anaitwa Hans Reck, Mjerumani, mtaalamu wa volkano, aliyezaliwa Würzburg Januari 1886 na kufariki Lourenço Marques, Maputo ya leo, Agosti 1937.

Niwaambie mapema ninaelekea wapi, mnihukumu vizuri. Reck alivuma kwa kiunzi kimoja cha mifupa ya binadamu, na umri wa kiunzi hicho aliukosea. Kazi yake iliyodumu ni ile ambayo gazeti hata moja halikuikimbilia, kuusoma udongo na kuupanga.

Sasa, huyu bwana hakuanzia kwenye mifupa. Alianzia kwenye milima ya moto, na tena Iceland, kwenye baridi. Mwezi Julai 1907 mwanajiolojia mwenzake, Walther von Knebel, alikuwa huko akichunguza volkano ya Askja. Siku moja yeye na mchoraji Max Rudloff waliingia kwenye ziwa la Askja kwa kimashua, na hawakuonekana tena. Knebel alikuwa na mchumba, Ina von Grumbkow. Bibi huyo hakukubali kukaa Ujerumani akisubiri barua. Kiangazi cha mwaka uliofuata alifunga safari mwenyewe hadi Iceland kumtafuta, akamchukua Reck, kijana wa miaka 22, awe mtaalamu wa msafara. Walivuka majangwa ya lava kwa farasi, wakazunguka ziwa, wakatafuta. Miili haikupatikana. Katika safari hiyohiyo Reck na mwenyeji wake, Sigurður Sumarliðason, wakapanda mlima Herðubreið, na hadi leo hao wawili wanatajwa kuwa watu wa kwanza kufika kilele chake. Mwaka 1912 Reck na Ina walioana, bibi akimzidi bwana miaka 14. Mimi nikimsimulia Reck huwa siachi kumtaja Ina, kwa sababu mwaka huohuo walikuja wote huku kwetu, na si kwa fungate. Walikwenda Tendaguru.

Wa kusini mnaijua Tendaguru, wa kaskazini nawaeleza. Ni kilima kilichoko kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi. Mwaka 1906 injinia wa madini aitwaye Bernhard Sattler alipata habari ya mifupa mikubwa iliyojitokeza ardhini njiani huko. Mwaka 1907 akaja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart kuithibitisha. Kuanzia 1909 jumba la makumbusho la Berlin likaleta msafara mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Nawaomba mkumbuke kwamba ile ilikuwa nchi iliyotoka kuchomwa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha juzi tu, 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wasiohesabika. Katika hali hiyo mamia ya wanaume walipata kibarua cha kuchimba mashimo, na wakati kazi imepamba moto wachimbaji walifika kama 500, wengi wakiishi pale na wake na watoto. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200 zilivuka bahari hivyo. Hakukuwa na gari wala punda, maana mbung'o walikuwa hawamwachi mnyama wa mizigo akaishi.

Janensch na Hennig waliporudi kwao, Reck ndiye aliyepewa kuongoza msimu wa 1912 hadi 1913, na Ina alishiriki kazi ile, baadaye akaiandikia kitabu. Lakini Reck alipofika hakukuta shimo tupu akaanza upya. Alimkuta Boheti bin Amrani. Huyu alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, mtu aliyejifunza kutenganisha mfupa na jiwe mpaka akawa anategemewa na kila Mzungu aliyepita pale. Wajerumani walikuja wakaondoka, Boheti akabaki. Waingereza walipofungua upya machimbo hayo mwaka 1924, wakamkuta yeye tena. Ukitaka kujua elimu ya Tendaguru ilikuwa imehifadhiwa wapi kati ya vita na vita, ilikuwa kichwani mwa Boheti.

Nafika Oldupai, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1911 daktari wa mishipa ya fahamu kutoka München, Wilhelm Kattwinkel, alipita Serengeti katika safari iliyohusu utafiti wa malale, akafika ukingoni mwa korongo. Mnaijua ile hadithi ya kwamba alikuwa akimkimbiza kipepeo nusura atumbukie. Wageni wanaipenda sana, nami sina ugomvi nayo wakati wa kula. Msiisimulie kama ushahidi tu. La hakika ni kwamba alirudi na visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na kati yake kulikuwa na mabaki ya farasi wa kale mwenye vidole vitatu. Berlin ikachangamka. Ikaamuliwa aende mtu wa kuchunguza vizuri, na Reck alikuwa tayari yuko nchini, ameshazoea jua na wapagazi. Miezi ya mwisho ya 1913 akaingia Oldupai, ana miaka 27.

Angalieni bahati iliyoje kwamba aliyepelekwa ni mtu wa volkano. Mwindaji wa mifupa wa kawaida angeshuka akaanza kuokota. Reck alishuka akaanza kutazama kuta. Korongo lile lina kina cha karibu mita 90, na kuta zake ni historia ya milima ya Ngorongoro ikitapika majivu, miaka na miaka, juu ya ziwa lililokuwa likijaa na kukauka. Baadaye mto ukakata yote hayo kutoka juu hadi chini. Mtu aliyewahi kusoma lava ya Iceland aliona kitu ambacho mwingine asingekiona. Alianza na mwamba mweusi wa basalti ulioko chini kabisa, akapanda nao: tabaka la kwanza, la pili, la tatu lile jekundu kama udongo wa Karatu, la nne, na la tano juu ya yote, lililokuja kulalia mengine baada ya ardhi kupasuka na kumomonyoka. Kila mfupa uliotoka akataka ujulikane umetoka tabaka gani. Alikusanya visukuku vipatavyo 1,700 katika muda wa miezi mitatu hivi.

Miongoni mwake kulikuwa na tembo wa kale ambaye wataalamu walimpa jina la Reck mwenyewe, Elephas recki, ingawa siku hizi wengine wanamwandika Palaeoloxodon. Tembo huyo si pambo. Magego yake yalibadilika hatua kwa hatua kwa mamia ya maelfu ya miaka, kwa hiyo mtafiti akiokota gego lake Turkana au Ethiopia anaweza kukisia tabaka lile ni la zamani kiasi gani. Mgeni akiwauliza Reck aliacha nini, gego la tembo ni jibu zuri kuliko fuvu.

Lakini fuvu ndilo lililomfanya ajulikane. Siku za mwisho za msafara, mmoja wa vibarua wake aliona kipande cha mfupa kimechomoza kwenye mteremko wa tabaka la pili. Walipofukua ikawa ni kiunzi kizima cha mtu, amelala kwa kujikunja, magoti yamevutwa juu. Udongo ulikuwa umeshika mifupa kama zege, ikabidi kitolewe kwa nyundo na patasi. Reck alitazama juu ya kile kiunzi, akatafuta dalili ya kaburi, akatafuta udongo uliovurugwa, hakuona. Akaamua kwamba mtu huyu ni wa tabaka la pili, wa zama za wanyama waliokwisha kutoweka. Machi 1914 akatangaza Berlin, na magazeti yakawaka moto.

Wapo waliombishia palepale, wakisema hilo ni kaburi tu. Kinachonishangaza mimi ni kwamba Reck si mtu ambaye hakujua makaburi. Huko Ngorongoro alifukua makaburi ya kale ya mawe. Mkono wake ulikuwa umezoea kaburi, na bado hili likampita.

Kabla ubishi haujaisha ikaja Vita vya Kwanza. Ilimkuta huku Afrika Mashariki, na alifanya kazi ya mwanajiolojia wa serikali ya Kijerumani. Akaishia kuwa mfungwa wa vita wa Waingereza. Vita vilipokwisha koloni halikuwa tena la kwao. Oldupai ikawa Tanganyika ya Mwingereza, na yule aliyeichora matabaka yake hakuwa na ruhusa wala fedha za kurudi. Akageukia volkano tena. Kile kisiwa cha Santorini cha Ugiriki kilipolipuka kuanzia 1925, Reck alikuwa miongoni mwa waliokifuatilia kwa karibu, na kazi aliyoisimamia juu ya mlipuko huo bado inasomwa na watu wa fani hiyo.

Hapo ndipo anaingia huyo mliyeniambia nimzungumzie. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, kazi yake ya kwanza ya visukuku aliifanya wapi? Tendaguru, 1924, akiwa na miaka kama 20 hivi, katika ule msafara wa Waingereza ambao kiongozi wake William Cutler alikufa Lindi mwaka uliofuata. Alikokota mifupa mahali palepale Reck alipokuwa amesimama, pamoja na Boheti yuleyule. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 akaenda Ujerumani kumwona Reck na kukitazama kile kiunzi. Mwaka 1931 alipopata fedha za msafara wa Oldupai akamwalika Reck aje naye kama mgeni. Lingekuwa jambo rahisi kumwacha. Louis alikuwa na kasoro zake, nyingine kubwa, lakini hili alilifanya kiungwana.

Njiani waliwekeana dau. Reck alishikilia kwamba Oldupai hakuna zana za mawe, kwa kuwa mwaka 1913 alitafuta asione. Leakey akamwahidi kwamba ndani ya saa 24 za kufika ataonyesha moja, pauni 10 mezani. Alizishinda. Reck alikuwa ametafuta zana za gumegume, kama zile za Ulaya, na Oldupai watu wa kale walichonga lava na mawe mengine ya palepale. Mashoka ya mkono yalikuwa yamemzunguka miezi mitatu akiyakanyaga. Vijana, hili dau wasimulieni wageni. Ni la kweli, na linachekesha bila kumdhalilisha mtu.

Leakey naye hakutoka salama. Alikwenda mahali pa kile kiunzi, akatazama, na yeye aliyekuwa na mashaka akageuka akamwamini Reck. Wakaandika pamoja na Arthur Hopwood wa jumba la makumbusho la London kwamba naam, kiunzi ni cha tabaka la pili. Sasa watu wawili wamefungwa kwenye jahazi moja.

Ukweli ulitoka kwenye uchafu. Nasema uchafu kwa maana halisi: udongo uliokuwa umegandamana na mifupa. Theodor Mollison wa München, aliyekuwa akikitunza kiunzi, alikuwa na sampuli ya udongo ule, na ilipochunguzwa London chini ya Percy Boswell na wenzake, ndani yake vilionekana vijiwe vyekundu vya tabaka la tatu na vipande vya chokaa ngumu kama ile inayokutwa kwenye tabaka la tano. Tabaka la pili haliwezi kuwa na vipande vya tabaka la tatu, kwa sababu la tatu lilikuwa bado halijawekwa. Ukichimba shimo la choo leo hapa Karatu, kiatu kikakuponyoka kikatumbukia, kitakaa chini ya udongo uliokuwapo kabla babu yako hajazaliwa, na kiatu ni cha dukani. Ndivyo ilivyokuwa. Ardhi pale ilikuwa imeinuka kwa mpasuko, tabaka la tatu na la nne zikamomonyoka, la pili likabaki wazi. Watu wa zama za baadaye sana wakamzika mwenzao humo. Kisha la tano likaja likafunika yote, na kaburi likaonekana kama halijawahi kuwapo.

Mwaka 1933 barua ikachapishwa katika jarida la Nature ikisema hivyo wazi. Kati ya majina yaliyoitia saini, la Reck limo. Alikuwa amekitetea kiunzi kile karibu miaka 20, na mwaka huohuo ndipo kitabu chake juu ya Oldupai kilitoka. Wapo wanasayansi waliokufa wakishikilia kosa dogo kuliko hilo.

Mtaulizwa, basi mtu yule ni wa lini? Kipimo kilichochapishwa 1974 kilitoa takriban miaka 17,000. Mimi huwa nasema "makumi ya karne" nikaishia hapo, maana mtafiti aliyekichapisha alikuja kustaafishwa na chuo kikuu chake Ujerumani mwaka 2005 kwa kughushi tarehe za mafuvu mengine. Na kukipima upya chote haiwezekani. Sehemu kubwa ya kiunzi ilipotea München wakati wa Vita vya Pili, likabaki fuvu. Hata hivyo katika daftari la sayansi bado kinaitwa OH 1, binadamu wa kwanza wa Oldupai kuorodheshwa, na mahali kilipotoka panaitwa RK, yaani Reck's Korongo. Ramani nzima ya Oldupai imejaa hiyo K, ikiwamo FLK, yaani Frida Leakey Korongo, alikotoka Zinj, na hiyo K ni korongo letu hilihili la Kiswahili.

Turudi kwenye matabaka, ndiko mali iliko. Miaka ya 1960 na 1970 mwanajiolojia Mmarekani Richard Hay alilipitia korongo lote upya kwa vifaa ambavyo Reck hakuviota. La tano alilivunja, likawa matabaka ya Ndutu na ya Naisiusiu, na katikati akaongeza la Masek. La kwanza, la pili, la tatu na la nne yalibaki. Mwaka 1961 majivu ya tabaka la kwanza yalipopimwa kwa potasiamu na argoni yakatoa miaka milioni 1.75, namba iliyoushtua ulimwengu. Namba hiyo ilipata maana kwa sababu kila mtu alijua "tabaka la kwanza" ni lipi, linaanzia wapi na linaishia wapi, na hilo lilikuwa limeamuliwa na kijana wa miaka 27 mwaka 1913, bila ndege, bila picha za setilaiti, na kwa maji ya kubebwa.

Reck alirudi tena Afrika miaka ya 1930 na moyo ukamsaliti Lourenço Marques, ana miaka 51. Mwaka huohuo wa 1937, Berlin, walimaliza kumsimamisha yule dinosaria mkubwa wa Tendaguru, Giraffatitan, mita 13 na zaidi kwenda juu. Bado yupo palepale. Suala la kama arudi nyumbani limefika hadi bungeni kwetu, na kila mmoja wenu ana maoni yake. Yangu nitayatoa wakati wa chai.

Ninalotaka kulisema hapa kabla ya chai ni juu ya majina. Tembo ana jina la Reck tangu enzi za Vita vya Kwanza. Boheti alisubiri mpaka 2007, ndipo mwanapaleontolojia Kristian Remes alipompa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Yule kibarua aliyeona mfupa wa OH 1 umechomoza kwenye tabaka la pili hana mnyama wala korongo lenye jina lake. Kwa hiyo mkisimulia habari ya kiunzi, msiseme "Reck aliona". Semeni kibarua aliona, Reck akachimba, Mollison akatunza, Boswell akapima. Inachukua sekunde tano zaidi na mgeni hatalala.

Nimeonyeshwa saa. Na kuna dada pale nyuma ameinua mkono tangu nilipomtaja Ina. Karibu, dada, uliza.